Lumbesa kwenye kishikwambi: walimu wa kata moja ya Uporoto walivyojifunza TEHAMA kwa mradi

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu. Katika kata ninayoizungumzia hapa, juu ya milima ya Uporoto kusini mwa Uyole, walimu walivipokea kwa furaha ya kweli. Haukupita muda mrefu vikawa na makazi matatu. Vingine vilifungiwa kabatini kwa mwalimu mkuu, kwa hofu kwamba kioo kikipasuka aliyekisaini atakilipa. Vingine vilihamia nyumbani, watoto wakachezea gemu. Vichache vilibaki kazini, hasa kufungulia vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, siku ambazo mtandao unakubali.

Kazi nyingine ziliendelea kama zamani. Andalio la somo liliandikwa kwa kalamu. Mtihani wa majaribio ulipelekwa kuchapwa stesheneri, kwenye barabara ya Tukuyu. Na ulipokuja mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, baadhi ya walimu walimwachia kijana wa stesheneri cheki namba (namba ya mtumishi) na nywila zao ili awajazie.

Hilo la nywila ndilo lililomsukuma afisa elimu kata kuchukua hatua. Mtu mzima, msomi, anayeaminiwa na kijiji kizima kulea watoto, anakabidhi taarifa zake za ajira kwa mtu asiyemfahamu vizuri kwa sababu anaona aibu kuuliza. Nilikuwa miongoni mwa wawezeshaji wa kazi iliyofuata, na mpaka leo naamini aibu ile ilikuwa kikwazo kikubwa kuliko uhaba wa vifaa. Ninachoandika hapa ni jinsi ilivyopungua, na pale ambapo haikupungua.

Mafunzo waliyokwisha kupata

Walimu hawa hawakuwa wageni wa mafunzo ya kompyuta. Walishaitwa mjini, wakakaa ukumbini, wakaonyeshwa kibodi na kipanya, wakafungua Word, wakaandika sentensi, wakaihifadhi, wakapewa vyeti. Jumatatu wakarudi kwenye shule isiyo na kompyuta, kwenye ratiba ambayo hakuna kipindi hata kimoja kilichohitaji Word. Kufika muhula wa pili, kilichobaki ni cheti.

Lakini kulikuwa na ujuzi ambao semina zile hazikuuona. Wengi wao walikuwa makarani wa sensa. Walipita kaya kwa kaya kwenye miteremko hii na vishikwambi hivyo hivyo, wakajaza fomu ndefu, wakasahihisha majibu ambayo programu iliyakataa, wakatuma taarifa walipopata mtandao. Aliyefanya kazi hiyo huwezi kumwambia hajui kifaa. Kitu ambacho hakuwahi kufanya ni kutunga swali lake mwenyewe, kuamua kipimwe nini, kisha kukaa na majibu akayatafakari. Katika sensa maswali yalitoka Dodoma na majibu yakarudi Dodoma, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Sisi tulitaka swali litoke hapa hapa na jibu libaki hapa hapa.

Mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa TEHAMA kwa walimu, uliotolewa 2008 na kuhuishwa 2011 na 2018, una ngazi tatu: kupata maarifa, kuyakuza, na kuunda maarifa mapya. Tanzania nayo ilitoa viwango vyake vya umahiri huo mwaka 2015. Semina nyingi nilizoziona huanza ngazi ya kwanza na kuishia hapo hapo, kwa imani kwamba mwalimu lazima amalize kujifunza vifaa kwanza ndipo aruhusiwe kuvifanyia kazi. Kata hii iliamua kuanzia ngazi ya pili, yaani kutatua tatizo halisi kwa msaada wa kifaa, na kuacha ya kwanza iokotwe njiani kila inapohitajika.

Kujifunza kwa kutatua tatizo halisi namna hii huitwa mbinu ya mradi, nayo si mpya. William Heard Kilpatrick aliifafanua huko Marekani mwaka 1918, akifuata nyayo za John Dewey. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere, aliyewahi kufundisha Tabora na Pugu, aliweka Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kutaka shamba la shule liwe sehemu ya kujifunza: wanafunzi wapange, wahesabu, waamue, waone matokeo ya uamuzi wao. Wazee wa kata wanakumbuka ilivyokuja kuwa katika shule nyingi. Mwanafunzi alishika jembe, ila mipango, hesabu na mauzo vilibaki ofisini. Nataja hili kwa sababu hatari ile ile ilikuja kutukuta sisi, na nitaifikia.

Kutafuta swali

Kikao cha kwanza kilifanyika ndani ya jumuiya ya ujifunzaji, ile ambayo shule inatakiwa kuwa nayo chini ya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Hakukuwa na ukumbi, chakula wala posho. Baadhi walinung'unika, na sioni haki ya kuwalaumu. Mwalimu anayepanda kutoka kitongoji cha bondeni kwenye ukungu na baridi ya Juni, kisha akabakizwa mpaka saa kumi na moja jioni, anastahili angalau chai. Kamati ya shule ilikubali kutoa chai na viazi vya kuchemsha, basi. Bando lilikuwa suala gumu zaidi, nitalirudia.

Vishikwambi havikufunguliwa siku hiyo. Walimu waliulizwa jambo moja: kuna nini katika kata hii mngependa kukijua, na hakuna aliyewahi kukihesabu?

Mapendekezo ya mwanzo yalikuwa "Umuhimu wa TEHAMA katika elimu" na "Athari za utandawazi kwa vijana". Afisa elimu kata aliyakataa kwa upole, kwa kigezo kimoja: kama jibu linaweza kunakiliwa mtandaoni, swali halifai. Nakipenda kigezo hiki kuliko nadharia nyingi nilizosoma, kwa sababu mwalimu yeyote anaweza kukitumia bila kufundishwa. Baada ya hapo likaja suala la utoro siku za gulio. Zuri, ila lilikuwa na mtego: shule nzima ingejikuta inachunguza wazazi bila wazazi kuwepo.

Ndipo mwalimu wa Hisabati, ambaye kama wenzake wengi ana shamba la viazi mviringo, akauliza: "Hivi mimi nikiuza gunia, nakuwa nimeuza kilo ngapi?"

Kila mtu alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana.

Kwa asiyelima huku: bei ya viazi hutajwa kwa gunia, na gunia lenyewe ni lumbesa. Linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kichwa cha wavu au kipande cha gunia jingine, linajazwa tena na kushonwa. Sheria ya Vipimo inakataza, na kifungashio cha mazao hakitakiwi kuzidi kilo 100. Kanuni hiyo Wakala wa Vipimo wanaitangaza kila msimu. Shambani mambo ni mengine. Lori linapanda kutoka Uyole, linapakia, linashuka kushika barabara ya TANZAM kwenda Dar es Salaam au Tunduma, na mkulima asiyetaka kuongeza kichwa huambiwa jirani yake ameshakubali. Kila mkulima anajua anapunjwa. Anapunjwa kiasi gani, hakuna aliyekuwa na namba ya kata hii.

Swali lile lilibeba kila kitu tulichotaka kufundisha. Lilihitaji fomu, vipimo, jedwali, wastani, grafu, ramani ya vitongoji na ripoti. Lilikuwa na watu wanaosubiri jibu. Kubwa zaidi, walimu wote walilijali, akiwemo yule ambaye hajawahi kuwasha kishikwambi chake.

Ndoo badala ya mizani

Kikwazo cha kwanza hakikuwa cha kidijitali hata kidogo. Mizani ya kuning'iniza iliyoazimwa kwenye chama cha ushirika ilisoma mpaka kilo 100 tu, na lumbesa inapita hapo. Vijana wakaanza kutafuta kwenye simu mizani kubwa inauzwa bei gani. Mwalimu wa darasa la kwanza, mama aliyebakiza miaka michache kufikia sitini astaafu, akawauliza kama wamewahi kuangalia gunia linavyojazwa. Linajazwa kwa ndoo ya lita 20. Hesabu ndoo zinazoingia, pima ndoo kadhaa za siku ile kwa mizani iliyopo, tafuta wastani wa ndoo, zidisha.

Huo ndio uliokuwa msingi wa mradi mzima, na ulitoka kwa mtu ambaye orodha ya kata ilimweka kwenye kundi la "wasiojua TEHAMA". Aliongeza jambo jingine la maana: ndoo ya Arka, mbegu mojawapo ya viazi, yenye viazi vikubwa haina uzito sawa na ndoo ya viazi vidogo, kwa hiyo mbegu na ukubwa wa viazi lazima viandikwe. Mtaalamu wa takwimu angeweza kukueleza hilo kwa maneno magumu. Yeye alilijua kwa mikono.

Fomu ilitengenezwa kwa ODK, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington. Tuliichagua kwa sababu mbili: inafanya kazi bila mtandao, kisha inatuma siku ukiupata, na fomu yake huandikwa kwenye lahajedwali la kawaida, kila mstari swali moja, safu moja ikitaja aina ya jibu, nyingine jina fupi la swali, nyingine maneno atakayoyaona mjazaji. Mwalimu anayeweza kuchora jedwali la azimio la kazi anaweza kuiandika.

Fomu yao ya kwanza ilikuwa ndefu mno. Iliuliza jina la mkulima, namba ya simu, umri, idadi ya watoto, ekari, dini. Nilipouliza dini ya nini, jibu lilikuwa kwamba fomu huwa zinauliza. Ilibidi kila swali litetewe: likijibiwa, tutalifanyia nini? Maswali yalianguka moja baada ya jingine. Jina na simu vilikuwa vya mwisho kutetewa, na vilibaki mpaka siku ya gulio.

Siku hiyo mwalimu mmoja kijana alipiga picha gunia likishonwa, na nyuma ya gunia alisimama dalali. Dalali akamfuata, bila hasira, akasema: "Mwalimu, picha hiyo unaipeleka wapi?" Mwalimu hakuwa na jibu. Alifuta picha mbele yake na kuomba radhi. Jioni kundi la WhatsApp la walimu lilijaa mjadala kuliko siku yoyote, na kikao kilichofuata kilianza na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwenye semina ukumbini sheria hiyo ingesinziliwa. Hapa ilisomwa na watu waliokuwa wameulizwa swali wakakosa jibu. Waliondoa majina na simu kwenye fomu, wakakubaliana kutopiga sura za watu wala namba za malori, na kueleza lengo kabla ya kuuliza chochote.

Kisha mwalimu mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba taarifa za mkulima tumezilinda, ila nywila yake yeye ipo stesheneri. Hakuna aliyemcheka. Kikao kile kiligeuka kuwa cha kubadilisha nywila, kila mtu kwenye simu yake mwenyewe, wenye uzoefu wakielekeza kwa mdomo tu. Afisa elimu kata hakuwa amelipanga. Hofu iliyomfanya aanzishe kazi hii ilitatuliwa kupitia gunia la viazi, katikati ya mradi, bila mada ya "usalama mtandaoni" kuandikwa ubaoni.

Nukta iliyopotea

Sehemu ninayoiona kuwa kiini cha kisa ni hii.

Data za awamu ya kwanza zilipokusanywa, kijana aliyezizoea lahajedwali alitengeneza grafu, akaionyesha kwenye kompyuta mpakato ya shule jirani. Ilipendeza. Walimu waliinakili kwenye madaftari. Nguzo moja ilikuwa ndefu kupita zote, na ikapewa maelezo papo hapo: kitongoji kile madalali wake ni wakorofi. Maelezo yaliingia akilini haraka, yakakubalika.

Yule mama wa darasa la kwanza aliitazama nguzo kwa muda, akauliza: "Gunia hilo linabebwa na nani?"

Walirudi kwenye jedwali. Mjazaji mmoja alikuwa ameandika uzito wa ndoo 165 badala ya 16.5. Nukta moja haikubonyezwa. Ukizidisha kwa ndoo nane unapata gunia la kilo 1,320, na hakuna mpakizi wa Uporoto anayenyanyua tani na zaidi. Kompyuta haikushangaa, kwa sababu haijawahi kuona gunia.

Baada ya hapo walimu walianza kuwinda makosa, na sijawahi kuona kikao cha mafunzo chenye bidii kama kile. Waligundua kwamba sehemu ya idadi ya ndoo iliwekwa kama maandishi badala ya namba, hivyo aliyeandika "ndoo 8" aliachwa nje ya wastani kimya kimya, bila onyo lolote. Siku ambazo vishikwambi viliisha chaji walikuwa wameandika daftarini na kuingiza baadaye kwa mkono. Huko tarehe zilijipindua, tarehe 4 mwezi wa 3 ikasomwa tarehe 3 mwezi wa 4, kwa sababu kompyuta ile ilipangwa kwa mtindo wa Marekani wa kutanguliza mwezi. Vipimo vya Machi vilikuwa vimeingia Aprili.

Walisahihisha, kisha wakafanya jambo ambalo hatukuwaagiza. Waliuliza kama fomu inaweza kumkatalia mjazaji namba isiyowezekana, kama ile ya sensa ilivyokuwa ikiwakatalia wao. Inawezekana, kuna safu ya kuweka mipaka. Waliweka kiwango cha chini na cha juu cha uzito wa ndoo, na ujumbe wa kosa wakauandika wenyewe kwa Kiswahili chao: "Angalia nukta." Makarani wa jana walikuwa wamehamia upande wa pili wa fomu.

Nikiulizwa stadi za kidijitali za mwalimu zinapimwaje, nitataja kikao hiki kabla ya mtihani wowote. Kutengeneza grafu kunafundishika kwa saa moja. Kuitilia shaka grafu nzuri, na kujua pa kwenda kutafuta kosa, kunahitaji jambo unalolijua vizuri kuliko mashine. Ndiyo maana mradi lazima utoke kwenye maisha ya mwalimu. Tungewapa data za mauzo ya magari za nchi nyingine, kama vitabu vingi vya mazoezi vinavyofanya, nani angeuliza gari hilo linabebwa na nani?

Mikono nyuma

Nilisema hatari ya shamba la shule ilitukuta. Ilikuja na sura ya msaada.

Katika kila kikundi alikuwepo mwalimu kijana mwenye vidole vyepesi. Mzee akichelewa kidogo kutafuta kitufe, kijana ananyoosha mkono, anabonyeza, kazi inaendelea. Kila mtu anafurahi. Ripoti ya kikundi inatoka safi. Ukiangalia kwa makini, mtu mmoja amejifunza anachokijua tayari, na wengine wanne wamemtazama. Jembe kwa mmoja, hesabu kwa mwingine, tena. Mafunzo ya mradi yana udhaifu huu kwa asili, kwa kuwa tunda la pamoja huficha nani alifanya nini, na mtathmini aliyekuja na fomu ya kuweka vema angeondoka ameridhika.

Kulikuwa na heshima ndani yake pia, jambo lililofanya iwe vigumu kuligusa. Kijana kumwacha mzee ahangaike na kifaa mbele ya watu huonekana kama utovu wa adabu. Ni yule mama aliyelivunja. Kijana aliponyoosha mkono, alimwambia, "Mwanangu, niache nikosee mwenyewe." Kijana akajibu, "Sawa, mama," akarudisha mikono nyuma, kama mwanafunzi anayekaguliwa mstarini. Ikawa kanuni: anayejua huweka mikono nyuma na kutumia mdomo. Anayeshika kifaa ndiye asiyejua, na zamu hubadilika kila kikao. Ripoti nayo ilibadilika. Kila mwalimu aliwasilisha sehemu moja aliyoitengeneza mwenyewe mwanzo hadi mwisho, hata kama ni jedwali la mistari mitano.

Kazi ilipungua kasi mno. Kilichokuwa kinafanyika kikao kimoja kilichukua viwili. Nadhani hapa ndipo miradi mingi ya aina hii inapovunjika, kwa sababu anayefadhili au anayesimamia anasubiri tarehe ya ripoti, na njia ya haraka ni kumwachia kijana.

Mkutano wa kijiji, na darasani

Matokeo yalipelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Mtendaji wa kijiji aliwapa nafasi kabla ya mengineyo. Uwanja hauna umeme, projekta ingekuwa pambo, kwa hiyo walimu walinakili grafu kwa maka peni kwenye manila. Naiona hatua hiyo kama ukomavu: walichagua chombo kinachowafikia wasikilizaji.

Hawakusema dalali fulani ni mwizi. Walionyesha gunia la mauzo lina ndoo ngapi, wastani wa ndoo ni kilo ngapi, na kwamba kilo zinazozidi 100 zinakwenda bila malipo. Mkulima mmoja alisimama akauliza mbona hawakuandika bei. Bei ikipanda, alisema, kichwa cha gunia nacho kinapungua au kinaongezeka? Hawakuwa wamepima. Walikiri pale pale kwamba safu hiyo haikuwepo kwenye fomu, na awamu ya pili ikawa na bei, ili kupata bei ya kilo badala ya bei ya gunia. Mtu ambaye pengine hajawahi kugusa lahajedwali ndiye aliyeongeza safu muhimu kuliko zote.

Lumbesa haikuisha. Malori yanaendelea kupakia vichwa. Wakulima wa kitongoji kimoja walianza kuuza kwa kuhesabu ndoo, na kama itadumu bei ikishuka, hiyo ni habari ya msimu mwingine.

Darasani nitapita haraka, kwa kuwa huko safari ndiyo kwanza inaanza. Mwalimu wa Hisabati alifundisha wastani wa darasa la sita kwa ndoo halisi, na wanafunzi wake wakaletewa kwa makusudi jedwali lenye nukta iliyopotea walitafute kosa. Mwalimu wa Kiswahili aliwapa kazi ya kuandika barua rasmi ya kuomba mizani. Wapo walimu ambao hawakupeleka chochote darasani. Sababu waliyoitoa ni mtihani, nami siipuuzi. Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza umahiri, lakini mwalimu hupimwa na kijiji kwa watoto waliofaulu, na mradi hula vipindi. Waliofanikiwa ni wale waliopachika mradi ndani ya mada iliyokuwa inafundishwa wiki hiyo. Waliotaka kuuongeza pembeni kama kitu cha ziada walichoka.

Yaliyobaki wazi

Bando lililipwa na walimu wenyewe, na hilo si sawa. Kutuma fomu hakuli data nyingi, ila kila mara ilikuwa simu ya mtu na vocha ya mtu, na waliokaa mbali na mlima wenye mtandao walilipa zaidi kwa miguu yao. Halmashauri inayotaka kazi ya namna hii iendelee iweke bando kwenye bajeti ya shule pamoja na chaki. Ni fedha ndogo kuliko posho ya semina moja ya mjini.

Wapo walimu wawili watatu ambao aibu yao haikupungua. Walihudhuria, walihesabu ndoo vizuri, na zamu ya kifaa ilipowafikia waliumwa kichwa. Kwao nadhani kikundi cha watu wengi ndicho tatizo. Wangehitaji mtu mmoja wanayemwamini, nyumbani, bila macho ya wenzao. Jumuiya ya ujifunzaji haina nafasi hiyo kwa sasa.

Lililotusumbua mwishoni lilikuwa uhamisho. Kijana aliyefungua akaunti ya kutunzia data aliifungua kwa barua pepe yake binafsi, kwa sababu siku ile ndiyo iliyokuwepo. Alipohamishiwa halmashauri nyingine, kata iligundua kwamba vipimo vyote, fomu na majedwali vimeondoka naye. Alikuwa muungwana, alivirudisha vyote, ila angeweza kupoteza simu. Sasa kuna barua pepe ya shule, isiyo ya mtu. Nywila yake imefungwa kwenye bahasha ndani ya sefu ya mwalimu mkuu, na nakala ya data iko kwenye kompyuta ya Kituo cha Walimu. Anayeisimamia akaunti hiyo ni mama wa darasa la kwanza, naye anamfundisha mwalimu mwingine kabla ya kustaafu.